Haambiwi Maana

Mimi ndiye niliyeandika "The child is driving since yesterday." Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, na mpaka leo nikikutana na mtu tuliyesoma naye, kabla hata salamu hazijaisha, ataniuliza yule mtoto ameshafika wapi na gari lake. Chekeni. Mimi sicheki, na sijawahi kucheka. Wacha nieleze ilivyokuwa, maana habari hii imetembea kwenye midomo ya watu na imetiwa chumvi mpaka hailiki tena.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, chuo cha utabibu, Mtwara mjini. Ukisoma utabibu wanakupeleka wodini mapema. Unaongea na mgonjwa, unaandika historia ya ugonjwa wake, unampelekea mwalimu asahihishe. Yote hayo kwa Kiingereza. Mgonjwa anaumwa kwa Kimakonde, wewe unamwuliza kwa Kiswahili, unaandika kwa Kiingereza, halafu mwalimu akisahihisha anakucheka kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyosoma, na wanaosoma sasa hivi nasikia hakuna kilichobadilika.

Siku hiyo, wodi ya watoto, kulikuwa na mama aliyevuka mto pale Kilambo akitokea Msumbiji, mtoto kambeba mgongoni. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Mwalimu wetu, mtu wa kutoka bara, akamwuliza, "Mama, mtoto anasumbuliwa na nini?" Mama akatabasamu. Akamwuliza tena kwa sauti kubwa, utadhani mama wa watu kiziwi. Mama akatabasamu tena. Sisi wanafunzi tulikuwa tumekizunguka kitanda, makoti meupe bado yana mikunjo ya dukani, kalamu tayari, na hakuna aliyekuwa na la kuandika.

Mwanzoni nilijisemea moyoni kwamba sifungui mdomo. Nilijua nikiongea tu nitajulikana. Pale chuoni kuongea Kimakonde mbele za watu lilikuwa jambo la aibu, tena aibu walioileta ni Wamakonde wenzangu, wanaojifanya wamezaliwa Dar es Salaam wakati hata lami waliiona wakubwa. Lakini yule mtoto macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na mimi siwezi kumwangalia mtoto wa namna ile huku nalinda heshima yangu. Nikachutama karibu na mama yake, nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

Loo! Yule mama alivyofunguka! Kumbe maneno alikuwa nayo tele, alikosa pa kuyatua. Akaniambia ugonjwa ulivyoanza, maji waliyokunywa njiani, mtoto alivyotapika, anavyolia na machozi hayatoki. Nikawa nageuka kwa wenzangu nawaambia kwa Kiswahili, wanaandika, narudi kwa mama, nageuka tena. Mwalimu anasema, "Safi sana, endelea." Kundi zima liliandika historia ya mtoto yule kutoka kinywani mwangu. Hakuna hata mmoja aliyepata neno la mgonjwa ila limepitia kwangu. Hilo naomba mlikumbuke.

Alasiri nikakaa chumbani kuandika ya kwangu. Kwetu mtoto akiharisha tunasema anaendesha. Ana tumbo la kuendesha. Hata watu wa mjini wanasema hivyo, sikulitunga mimi. Neno la kitaalamu nilikuwa nimelisikia darasani, mwalimu alilitamka mbiombio na hakuliandika ubaoni: dayaria. Nikachukua kamusi yangu ndogo ya mfukoni, nikatafuta kwa "da", hakuna. Nikatafuta kwa "di", nikakuta "diary" tu, kitabu cha kuandikia mambo ya kila siku. Nikasema hapana, mgonjwa wangu hana kitabu, hata kusimama hajaanza. Nikageuza upande wa Kiswahili. Endesha. Mbele yake wameandika "drive". Kamusi ndiyo imesema, mimi ni nani niibishie? Nikaandika nilichoambiwa na kamusi, nikaenda kula.

Sasa nataka mtu aniambie kosa langu hapo ni lipi. Nilisikia sauti, nikaifuata. Nilipoikosa nikarudi kwenye lugha ninayoijua, nikakiuliza kitabu, kitabu kikanijibu. Huyo ni mtu mvivu? Mvivu angenakili kwa jirani, na waliofanya hivyo nawajua.

Siku ya kurudishiwa kazi mwalimu aliingia darasani anachekacheka peke yake. Akakaa kwenye pembe ya meza, akasema leo ana zawadi yetu. Akasoma sentensi yangu. Akaisoma tena polepole, neno kwa neno, kisha akaitafsiri: "Mtoto anaendesha tangu jana! Anaendesha nini? Basi la Masasi au bodaboda? Leseni anayo?" Darasa likaanguka. Watu wanagonga meza, mwingine anajifuta machozi, na wengi wao ndio wale waliokuwa wamezunguka kitanda, wakinisubiri nigeuke niwape maneno ya kuandika. Mwalimu akauliza, "Nani mwenye kazi hii?" Jina langu liko juu ya karatasi, limeandikwa kwa herufi kubwa. Alitaka tu nisimame.

Nikasimama.

"Kumbe wewe! Dereva!"

"Mwalimu," nikasema, "mimi si deleva."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ulimi wangu nikiwa mtulivu unaitamka r vizuri tu, lakini nikikasirika unarudi nyumbani, na nyumbani kwetu r hakuna. Darasa likalipuka upya. Deleva! Kuanzia siku ile jina langu likafa, nikawa Deleva kwenye foleni ya chakula, Deleva wodini, Deleva hata kwa mpishi ambaye hajui habari yenyewe ilianzaje. Kazi ile nilipewa sifuri. Walioandika maneno yangu kwa tahajia sahihi walipewa alama nzuri.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Niliumia, nasema wazi. Nililia chooni kwa sababu ndipo pekee penye mlango wa kufungika, kisha nikanawa uso, nikatoka na hasira ambayo sijaiweka chini mpaka leo.

Na watu wananiambia, wewe nawe, ulifikaje chuo hujui Kiingereza? Swali zuri. Kaulizeni waliokuwa wananipitisha.

Mimi ni mtu wa upande wa Mpapura, mtoto wa wakulima wa korosho na mihogo. Nilipoanza darasa la kwanza nilikuwa najua Kimakonde na sala. Kiswahili nilikuwa nakisikia redioni. Mwalimu akasema kuanzia leo atakayeongea kilugha anachapwa, na kweli tulichapwa. Tulichapwa kwa kusema ntoto badala ya mtoto, kwa kusema ntu badala ya mtu. Tukakishika Kiswahili kwa fimbo, na nilipofika darasa la saba nilikuwa nakiandika vizuri, insha zangu zinasomwa mbele ya wenzangu. Nikafaulu kwenda sekondari. Pale mlangoni wakatuambia, kile Kiswahili mlichochapiwa kiacheni hapohapo nje, humu ndani ni Kiingereza.

Kiingereza gani, jamani? Mwalimu wa baiolojia alikuwa anajaza ubao kwa Kiingereza kutoka kwenye kitabu chake, kisha anageuka na kutueleza kwa Kiswahili, kisha anatoka. Sisi tunanakili. Mtihani ukija, tunautapika ubao ule kama ulivyo, na anayeutapika bila kuacha koma ndiye wa kwanza. Kitabu cha kusoma mwenyewe kwa raha yako, ukurasa hadi ukurasa, sikuwahi kukishika. Tulikuwa tunasoma darasa zima kwa pamoja kwa sauti, na mimi sauti yangu ilikuwa nzuri. Ningeweza kukusomea ukurasa mzima wa Kiingereza ukasema huyu binti amekulia Ulaya. Ukiniuliza ukurasa ule unahusu nini, nakutazama tu.

Wazee wetu huku madrasa wanaiita chuo, kwa hiyo mimi naweza kusema nimesoma vyuo viwili. Chuo cha kwanza ustadhi alituambia ukweli tangu siku ya kwanza. Alisema, "Wanangu, mnayoyasoma hamjui maana yake. Hifadhini sasa, thawabu mnapata, na maana mtafundishwa mkikua." Hakuna aliyedanganywa. Hiki chuo cha pili ndicho kilichonichefua, maana hapa kila mtu anajifanya anajua kwamba kila mtu anajua. Mwalimu anafundisha kama vile sisi tunaelewa. Sisi tunatikisa vichwa kama vile tunaelewa. Anauliza, "Tuko pamoja?" Darasa linaitikia, "Ndiyooo!" Hatuko pamoja hata kidogo.

Baada ya ile sifuri nilimfuata yule mwalimu wa wodini ofisini kwake. Si kwa kumsujudia, nilimfuata kwa sababu nilikuwa nataka kusoma. Nikabisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Dereva. Umeegesha wapi?"

Nikameza. Nikamwambia naomba anisaidie namna ya kuandika historia ya mgonjwa, au anielekeze kwa mtu wa kunisaidia, kwa sababu mgonjwa namwelewa, ugonjwa nauelewa, kuandika ndiko kunakonishinda. Akaegemea kiti. Akasema, "Binti, hapa tunafundisha magonjwa. Lugha ni kazi ya sekondari." Nikamwambia sekondari walisema lugha ni kazi ya shule ya msingi. Akacheka, akasema basi nikamlalamikie mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Kisha akaniambia kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko kicheko, kwamba si lazima kila mtu awe tabibu, kuna kozi nzuri za ushonaji.

Ushonaji! Sina ugomvi na mafundi cherehani, nguo zangu wanashona wao. Lakini mtu amekuomba umfundishe, wewe unampimia kitambaa?

Muhula ukaisha na mitihani ikaja. Katika somo lake swali kubwa lilihusu mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Mungu wangu, nikasema, hili nalijua! Nimemwona kwa macho yangu, nimemsikiliza mama yake. Niliandika kurasa na kurasa. Niliandika dalili, niliandika namna ya kumpa maji ya chumvi na sukari, niliandika lini umkimbize kuwekewa dripu. Sikunakili popote, kila neno nilikuwa najua ninachokisema. Karatasi iliporudi ilikuwa nyekundu tupu. Mtoto anasikia kiu, mimi nimeandika "hears thirst", pembeni mwalimu kaandika, "Kwa sikio lipi?" Nikapewa alama ya kufeli.

Kufeli somo pale kunaitwa kupata sapu. Unarudia mtihani mara moja tu. Ukifeli na huo, unakula disko, na hilo disko halina muziki. Wanakuondoa chuoni, unafunga begi, unarudi kwenu. Kwa hiyo kilichobaki kati yangu na utabibu kilikuwa karatasi moja ya mtihani. Kule kijijini mama yangu alikuwa ameshaanza kuitwa mama daktari, na yeye anaitika bila aibu.

Mwenzangu wa chumba alikuwa mtu wa Mikindani, mtoto wa wafanyabiashara, Kiswahili chake kitamu mpaka ukimsikiliza unasahau kwamba anakusema wewe. Kiingereza chake hakikunizidi sana. Lakini yeye hakupata sapu hata moja, na nilikuwa sielewi kwa nini. Siku moja aliponikuta nimeinamia kitabu kikubwa cha magonjwa ya watoto, kamusi pembeni, nimekwama kwenye aya ileile tangu asubuhi, akavuta kiti.

"Shoga, unafanya nini?"

"Najaribu kuelewa."

"Kuelewa?" Akapiga kofi. "Mtume! Hapa nani anaelewa? Kuelewa ni anasa, shoga. Sisi tunameza."

Akafungua begi lake, akanitolea desa. Desa ni majibu yaliyoandaliwa na waliotutangulia, yamedurufiwa mpaka herufi zimefifia, kwa Kiingereza kilichonyooka ambacho hakuna ajuaye nani alikiandika. Maswali ya mwalimu yule yalikuwa hayabadiliki, akasema, anazungusha yaleyale. Nimeze nililonalo mbele, neno kwa neno, nisiongeze changu. "Hasa chako," akasisitiza. "Cha kwako ndicho kinachokuponza."

Sikutaka. Nikampigia mama simu, nikamweleza yote, nikitegemea yeye angalau atakasirika pamoja nami. Mama yangu hajui kusoma Kiswahili wala Kiingereza, lakini mashairi ya unyago na sura za Kurani anazo kichwani kama zilivyo. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, juzuu uliihifadhi ukiwa mdogo kama kidole, na neno moja hukulijua maana. Hilo la Wazungu ndilo litakushinda?"

Alikuwa anasema kweli.

Basi nikameza. Nilivyofanya ndivyo nilivyofundishwa chuo cha kwanza: nakaa chini, nayumba mbele na nyuma, nasoma kwa sauti mstari mmoja mpaka ukae, kisha naunga wa pili. Kila mstari nikautia mahadhi. "Restless, irritable," navuta pumzi, "drinks eagerly, thirsty." Mwenzangu alikuwa anaingia ananikuta nayumba, anaweka mkono kifuani na kuniambia, "Mwalimu wa madrasa, malizia uje tule." Kuna wakati nilijisikia vibaya, nikasema astaghfirullah, mahadhi haya nimeyapeleka wapi. Lakini mtihani ulikuwa unakaribia, na sikuwa na njia nyingine, na waliotakiwa kunipa njia nyingine walikuwa wamenielekeza kwa fundi cherehani.

Siku ya sapu nilifungua karatasi nikakuta swali lile. Lilelile, kama mwenzangu alivyosema, mwalimu hata nukta hajabadilisha. Nikainamisha kichwa, nikaanza mwanzo wa mahadhi, mkono ukafuata. Sikumfikiria mtoto yeyote. Nilikuwa nafikiria neno linalofuata. Nikamaliza kabla ya wenzangu wote.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na B. Mwalimu alikuja darasani na karatasi yangu mkononi, safari hii hachekicheki, ana uso wa baba mwenye nyumba siku ya Idi. Akasema anataka tusikie kitu. Akasoma jibu langu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti nzuri, akituliza kila sentensi. Alipofika kwenye "restless, irritable, drinks eagerly" akainua kidole, akasema, "Mnaona lugha hiyo? Dereva huyuhuyu! Mtu akiamua, anaweza." Akaanza kupiga makofi. Darasa likapiga makofi. Mwenzangu wa chumba alikuwa ananikonyeza kutoka upande wa pili.

Nilikuwa na kila sababu ya kukaa kimya. Nimefaulu, disko limepita mbali, jina langu limesafishwa hadharani. Lakini asubuhi ileile ilikuwa imebandikwa orodha ya wanafunzi wanaopelekwa zahanati za vijijini kwa mafunzo, mimi nimepangwa upande wa Madimba, tunaondoka wiki inayofuata. Kule ningekuta chati ya matibabu ukutani, yenye maneno hayahaya. Kule ningeletewa mtoto wa mtu. Na zile pongezi zilikuwa zinanipanda kichwani vibaya, nahisi masikio yanawaka moto. Nilipoandika ninachokijua walinigeuza kichekesho. Leo nimeandika nisichokijua, wananipigia makofi!

Nikasimama.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza, binti yangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

"Hilo neno irritable maana yake nini?"

Watu wakacheka kidogo, wakidhani natania. Mwalimu naye akatabasamu. "Si umeandika mwenyewe?"

"Nimeandika. Sijui maana yake. Na eagerly sijui. Naomba uniambie, kwa sababu wiki ijayo nakwenda kuletewa wagonjwa."

Tabasamu likamtoka. Akatazama karatasi, akanitazama mimi, akalitazama darasa. Nadhani alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, akaupata kwenye mzaha kama kawaida yake. Akasema, "Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana." Darasa likacheka kwa nguvu, cheko la watu waliopata nafuu.

Methali ile kwetu anaambiwa mjinga asiyefundishika. Bibi anamwambia mjukuu aliyemshinda. Sikuwahi kumsikia mwalimu akimwambia mwanafunzi aliyenyoosha mkono.

"Basi aambiwe nani, mwalimu?" nikauliza. "Anayeijua?"

Cheko likakatika. Sikutamka r hata moja, na kama ningeitamka sidhani kama kuna mtu angecheka. Mwalimu akaweka karatasi yangu mezani, akainyoosha kwa kiganja. Akaongea kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia.

"Kaa chini, kabla sijaanza kujiuliza majibu haya uliyatoa wapi."

Nikaelewa. Ndiyo kauli yake pekee niliyoielewa mwaka ule bila kamusi. Nikiendelea kusema sielewi, itakuwa nimeiba mtihani, na aliyeiba mtihani hapewi hata sapu, anaondoka siku hiyohiyo. Nikinyamaza, mimi ni mfano wa kuigwa. Niliwatazama wenzangu, nikitegemea mmoja tu angenyoosha mkono aseme na mimi mwalimu sijui maana yake. Wote walikuwa wameinamia madaftari. Nikamfikiria mama yangu anavyoitika akiitwa mama daktari. Nikakaa chini.

Mwalimu akaendelea na kipindi. "Tuko pamoja?" akauliza mwishoni. "Ndiyooo!" wakaitikia.

Nilirudi chumbani jua bado kali, nikakaa kitandani bila kuvua koti. Nikafungua kamusi. Safari hii neno lilikuwa na tahajia yake, halikunipiga chenga. Irritable: mwepesi wa kukasirika, mwenye hamaki. Nikalisoma, nikalirudia. Mtoto aliyeanza kuishiwa maji anakuwa na hasira, hashikiki, ukimbeba analia, ukimweka analia. Kumbe ndilo hilo! Hili analijua kila mwanamke wa Mpapura, hili nalijua mimi tangu sijaanza shule, nimewabeba wadogo zangu wakiwa hivyo mgongoni. Nililiandika, nikasifiwa kwa kuliandika, na nilipoliandika halikuwa na uhusiano wowote na mtoto yeyote duniani. Eagerly ikawa kwa hamu, kwa pupa. Anakunywa kwa pupa.

Nikachukua karatasi yangu yenye B. Nikaanza kupiga mstari chini ya kila neno nisilolijua katika jibu langu mwenyewe. Nilipofika katikati ya ukurasa, mistari ilikuwa mingi kuliko maneno yaliyobaki wazi. Kalamu ilikuwa inatoboa karatasi kwa hasira, nikaenda hivyohivyo mpaka chini.

Mwenzangu akaingia na sahani ya mihogo ya kukaanga, bado ana furaha yangu usoni. Akaiona kamusi, akaiona karatasi.

"Shoga, bado unahangaika na hilo? Si umeshafaulu?"

"Ndiyo, nimefaulu," nikamwambia. "Sasa niache nisome."